Kola yenye dawa: Je, itamkinga mbwa wako dhidi ya kupe?

Jioni moja unarejea nyumbani kutoka kazini, mtaani Milimani mjini Kitale au huko Kanduyi mjini Bungoma. Mbwa anakuja kukulaki langoni kama ilivyo kawaida yake. Unampapasa shingoni, na vidole vyako vinagusa kitu kinene kilichojikita kwenye ngozi. Unaligeuza sikio lake na kuona wengine watano au sita, wamevimba kama mbegu za mbarika. Kabla hujasema neno, mtoto wako mdogo anakuja mbio na kumkumbatia mbwa huyo huyo.

Wengi wetu hulipuuza jambo hili. Mbwa na kupe, twasema, ni chanda na pete. Lakini kupe si uchafu tu wa kumwaibisha mwenye mbwa mbele ya wageni. Ni mdudu anayebeba maradhi, na baadhi ya maradhi hayo hayabagui kati ya mbwa na binadamu.

Katika maduka ya dawa za mifugo ya miji yetu, utapata kola za mbwa zilizotiwa dawa ya kuua kupe. Nyingine ni za bei nafuu, nyingine ni ghali hivi kwamba mtu hujiuliza mara mbili kabla ya kutia mkono mfukoni. Swali ambalo wafugaji wengi wa mbwa huuliza ni hili: Je, kola hizi hufanya kazi kweli, au ni pesa za kutupa?

Jibu fupi ni kwamba kola nzuri hufanya kazi, tena vizuri sana, mradi masharti matatu yatimizwe. Kwanza, iwe ni kola halisi yenye dawa inayojulikana. Pili, ivalishwe sawasawa. Tatu, mwenye mbwa asisahau kibanda na ua. Jibu refu ndilo somo letu la wiki hii.

MFAHAMU ADUI WAKO

Kupe anayemsumbua sana mbwa wa mjini ni yule wa rangi ya kahawia ambaye wanasayansi humwita Rhipicephalus sanguineus. Yeye huweza kumaliza maisha yake yote nyumbani mwako bila kuhitaji ng'ombe wala nyasi ndefu. Mbwa mmoja na ukuta wenye nyufa vinamtosha.

Maisha yake huwa na hatua nne: yai, kupe mchanga mwenye miguu sita, kupe wa makamo mwenye miguu minane, na kupe mzima. Katika kila hatua baada ya yai, kupe humpanda mbwa, hunyonya damu akashiba, kisha hujiangusha chini ili abadilike. Hii ina maana kuwa humwacha mbwa mara tatu katika maisha yake. Kupe jike akishashiba hutafuta ufa ukutani, chini ya gunia au nyuma ya mbao za kibanda, na hapo hutaga mayai yanayoweza kufika maelfu kadhaa. Kisha hufa.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kupe unaowaona juu ya mbwa ni wachache tu wa jeshi zima. Wengine wako kibandani, chini ya zulia la veranda na kwenye nyufa za ukuta, wakisubiri zamu yao. Pili, kupe ni mvumilivu kupita kiasi. Kupe mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila kula chochote. Ndiyo sababu mtu huhamia nyumba iliyokaa tupu kwa miezi mingi, na wiki ya kwanza tu mbwa wake akajaa kupe.

Mbwa wa Kitale na Bungoma ana mzigo mwingine. Hukutana na kupe wa porini na wa mifugo anapomfuata mwenyewe shambani, akipita katika mahindi, miwa au malisho ya ng'ombe. Yuko pia kupe aitwaye Haemaphysalis elliptica, ambaye huwapenda sana mbwa. Uchunguzi wa mbwa katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba kupe hawa wawili wamo katika orodha ya wale wanaopatikana kwa wingi.

MARADHI ANAYOLETEWA MBWA

Kupe wachache tu wanatosha kumuua mbwa mkubwa. Si kwa sababu ya damu wanayonyonya, bali kwa sababu ya vijidudu wanavyomwachia.

Ugonjwa wa kwanza husababishwa na kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis, kilichogunduliwa mara ya kwanza na wataalamu wa Kifaransa nchini Algeria mwaka wa 1935. Mbwa hushikwa na homa, hukataa chakula, hunyong'onyea na tezi zake huvimba. Dalili hizo huweza kupungua zenyewe, na mwenye mbwa akadhani amepona. Kumbe kijidudu kimejificha. Miezi kadhaa baadaye mbwa anakonda, ufizi unakuwa mweupe na damu inamtoka puani bila kugongwa. Watu wengi katika vijiji vyetu husema mbwa huyo "amelishwa sumu na wezi." Huenda ni kweli, lakini mara nyingine mwizi ni kupe.

Ulimwengu uliutambua vyema ukali wa ugonjwa huu wakati wa vita vya Vietnam. Kati ya mwaka wa 1968 na 1970, zaidi ya mbwa 100 wa jeshi la Marekani waliangamia kwa kutokwa na damu, na hatimaye iligunduliwa kwamba chanzo kilikuwa kijidudu hicho.

Ugonjwa wa pili ni babesia. Vimelea vyake huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa huwa na homa kali, ufizi hupauka au kuwa wa manjano, na mkojo huweza kuwa wa rangi ya kahawa. Mbwa mchanga anaweza kufa katika muda wa siku chache asipotibiwa.

Magonjwa yote mawili yana tiba, ila tiba ya kila ugonjwa ni tofauti. Daktari wa mifugo anahitaji kupima damu kabla ya kuamua. Usimdunge mbwa wako dawa kwa kubahatisha.

NA BINADAMU JE?

Huenda ukasema: "Hayo ni ya mbwa, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Katika vitabu vya udaktari kuna ugonjwa wa binadamu uliopewa jina la nchi yetu: homa ya kupe ya Kenya. Husababishwa na kijidudu kiitwacho Rickettsia conorii, na miongoni mwa wanaokisambaza ni kupe wa mbwa.

Siku chache baada ya kuumwa na kupe, mtu hupatwa na homa, maumivu makali ya kichwa na ya misuli. Mahali alipoumwa huweza kutokea kidonda kidogo chenye gamba jeusi, kisha vipele vikaenea mwilini, hata kwenye viganja na nyayo.

Tatizo ni kwamba mtoto wa Bungoma akipatwa na homa, sote twafikiria malaria. Na ni sawa kufikiria hivyo, kwa kuwa eneo hilo lina malaria nyingi. Mpeleke apimwe bila kuchelewa. Lakini ikiwa vipimo vinaonyesha hana malaria na homa haishuki, mchunguze mtoto mwili mzima: nyuma ya masikio, kichwani katikati ya nywele, kwapani na kwenye mapaja. Kisha mwambie daktari maneno haya: "Nyumbani tuna mbwa, na mbwa ana kupe." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu, kwa sababu ugonjwa huu hautibiwi kwa dawa za malaria wala kwa baadhi ya viuavijasumu tunavyovijua sana. Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, ambayo ni lazima iamuliwe na daktari.

KOLA HUFANYA KAZI VIPI?

Wengi hudhani kwamba kola hutoa harufu ya kuwafukuza kupe, kama moshi unavyofukuza mbu. Sivyo. Katika kola nyingi za kisasa, dawa huchanganywa ndani ya plastiki yenyewe na hutoka kidogo kidogo inapogusana na nywele na ngozi. Dawa hiyo huyeyuka katika mafuta ya asili ya ngozi ya mbwa na kusambaa polepole kutoka shingoni hadi mkiani. Kupe akiikanyaga, mishipa yake ya fahamu huvurugika. Huanguka kabla ya kuuma, au hufa akiwa amejishikiza.

Kwa hivyo kola isiyogusa ngozi haifanyi kazi. Pia, kola haitoi kinga kamili saa ile ile inapovalishwa. Dawa inahitaji muda wa kusambaa: siku mbili kwa aina fulani, na takriban wiki moja kwa nyingine.

Dawa zinazotumika si za aina moja:

* Deltamethrini. Kola yake huweza kumkinga mbwa dhidi ya kupe kwa muda wa miezi 6 hivi.

* Flumethrini pamoja na imidaklopridi. Flumethrini hushughulikia kupe, imidaklopridi hushughulikia viroboto. Kola yake huweza kudumu miezi 7 hadi 8.

* Amitrazi. Huua kupe vizuri kwa takriban miezi 3, lakini haifai kwa viroboto. Ni hatari mbwa akiitafuna kola hiyo na kuimeza.

* Propoksuri. Ni dawa ya siku nyingi. Mwaka wa 2014 watengenezaji nchini Marekani walikubaliana na serikali yao kuacha kuuza kola zenye dawa hii, kwa sababu ya hatari kwa watoto wadogo wanaochezea mbwa. Ukiikuta katika orodha ya viungo na nyumbani una watoto, chagua nyingine.

Jambo la kuvutia ni kwamba deltamethrini na flumethrini ni jamii ya dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo katika maua ya pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kenya zilisifika kwalo kote duniani.

USHAHIDI UNASEMA NINI?

Mfano mzuri zaidi tunaoufahamu unatoka mbali, jimbo la Arizona nchini Marekani, lakini kupe aliyehusika ni yule yule wa kahawia anayepatikana kwetu. Kati ya mwaka wa 2003 na 2012, watu zaidi ya 250 wa jamii za wenyeji asilia wa jimbo hilo waliugua homa ya kupe iliyo kali kuliko yetu, na 19 wakafa. Mbwa walikuwa wengi, wakizurura bila kufungwa, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi.

Mwaka wa 2012 wataalamu walichagua kijiji kimoja chenye nyumba 600 hivi. Walimvalisha kila mbwa kola yenye dawa ya kudumu, wakanyunyizia nyua dawa kila mwezi, na kuwashauri wenyeji wawafunge mbwa na kuwahasi. Baada ya miezi mitano, mbwa waliokuwa na kupe wa kuonekana kwa macho walikuwa chini ya asilimia 1. Katika vijiji ambavyo havikuwa kwenye mpango huo, mbwa wenye kupe walikuwa asilimia 64.

Mwaka wa pili walitegemea kola peke yake. Mwisho wa mwaka huo, mbwa wenye kupe katika kijiji kile walikuwa bado chini ya asilimia 3.

Angalia kwa makini, mpenzi msomaji, kwamba kola peke yake ilitosha mwaka wa pili kwa sababu mwaka wa kwanza kupe wa nyuani walikuwa wamekwisha kuangamizwa. Tena, kila mbwa kijijini alivalishwa, si wa tajiri mmoja tu. Haya ndiyo tunayokosa sisi. Unamvalisha mbwa wako kola ya maelfu ya shilingi, kisha usiku analala katika kibanda kilichojaa kupe, na asubuhi anacheza na mbwa watatu wa jirani wasio na kinga yoyote.

Utafiti uliofanywa Afrika Kusini nao ulionyesha kwamba kola yenye flumethrini na imidaklopridi iliwazuia kupe wenye Ehrlichia canis wasiwaambukize mbwa waliovalishwa. Hilo ni jambo kubwa, kwani kijidudu hicho huweza kuingia mwilini saa chache tu baada ya kupe kuanza kunyonya. Kwa babesia, kwa kawaida kupe huhitaji siku mbili hivi. Kwa hivyo dawa inayomzuia kupe kabla hajauma ina faida ambayo dawa ya kumeza haina. Zipo tembe za kisasa, kama zile za fluralana, ambazo mbwa hupewa mara moja na kumkinga wiki 12. Ni nzuri, lakini kupe ni lazima aume kwanza ndipo afe.

KWA NINI KOLA HUSHINDWA?

Ukikutana na mtu anayesema "nilinunua kola na kupe hawakuisha," usimbishie. Muulize maswali haya:

1. Ilikuwa imelegea? Kola inayoning'inia kama mkufu haigusi ngozi. Mbwa mwenye manyoya mengi ahitaji kupanguswa manyoya pembeni ili kola ifike chini.

2. Ilikuwa halisi? Kuna kola bandia zenye paketi inayofanana kabisa na ya asili. Bei iliyo chini mno ni dalili ya kwanza.

3. Ilikuwa imepitwa na wakati? Kola iliyoning'inizwa dukani nje ya paketi, juani, imekwisha kupoteza nguvu yake.

4. Mbwa huoga mara ngapi? Kumwogesha kwa sabuni kila wiki, au mbwa kupenda kuogelea mtoni, hufupisha maisha ya kola nyingi.

5. Kibanda kilisafishwa? Kama hakikusafishwa, kupe wapya watampanda kila siku. Wengi watakufa, lakini wewe utaendelea kuwaona na kudhani dawa haifanyi kazi.

6. Ulitazama wapi? Sehemu zilizo mbali na shingo, kama katikati ya vidole vya miguu ya nyuma, ndizo za mwisho kufikiwa na dawa.

Isitoshe, katika baadhi ya nchi za Amerika, kupe wa mbwa wamepatikana wakiwa sugu kwa dawa zilizotumiwa kwa miaka mingi. Ikiwa umetimiza yote haya na kupe wangali hai wakinyonya, mwone daktari wa mifugo akubadilishie aina ya dawa.

KUNUNUA NA KUVALISHA

Kabla ya kulipa, soma paketi. Iwe imefungwa vizuri, ionyeshe jina la dawa na kiasi chake, tarehe ya mwisho ya matumizi, uzito na umri wa mbwa anayefaa, na nambari ya usajili. Nchini Kenya, taasisi zinazosimamia usajili wa bidhaa hizi ni Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, na Idara ya Dawa za Mifugo, VMD. Kola isiyotaja dawa iliyomo ni pambo tu.

Usilinganishe bei pekee, bali gawanya bei kwa miezi. Tuseme kola moja inauzwa Sh800 na hudumu miezi 2, ilhali nyingine inauzwa Sh3,200 na hudumu miezi 8. Kila moja inakugharimu Sh400 kwa mwezi, lakini ya pili haikuhitaji kukumbuka kununua mara nne.

Ukishainunua, fuata hatua hizi:

* Mtoe mbwa kupe wote unaowaona, kisha mwogeshe akauke.

* Fungua paketi siku ile ile unayomvalisha.

* Mfunge kola hadi vidole vyako viwili viweze kupita kati ya kola na shingo. Vikipita vitatu, imelegea. Visipopita viwili, inamkaba.

* Kata kipande kilichozidi ili asikitafune, na usikiache mahali ambapo mtoto anaweza kukiokota.

* Osha mikono kwa sabuni.

* Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

* Ikague kila wiki. Mtoto wa mbwa hukua haraka, na kola iliyomtosha Januari inaweza kumnyonga Machi.

Aina nyingi za kola hazifai mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 7, na nyingine huhitaji awe mkubwa zaidi. Paketi ndiyo itakayokuongoza. Mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha au mgonjwa, ulizia kwa daktari kwanza.

USALAMA WA WATOTO NA PAKA

Dawa yoyote inayoua kupe ni sumu, na sumu huhitaji heshima. Mbwa wachache huwashwa au kutoka manyoya mahali kola ilipogusa. Ukiona vidonda, akitetemeka, akitapika au akilegea kupita kawaida, mvue kola mara moja na umpeleke kwa daktari pamoja na paketi.

Kola ya flumethrini na imidaklopridi iliwahi kuzua mjadala mkubwa Marekani, baada ya wenye mbwa kuwasilisha malalamiko mengi kwamba wanyama wao walidhurika. Shirika la kulinda mazingira la nchi hiyo lilikamilisha ukaguzi wake Julai 2023. Liliruhusu kola hiyo iendelee kuuzwa kwa miaka mitano, kwa masharti ya ziada, yakiwemo maonyo zaidi kwenye paketi. Funzo kwetu ni kwamba kola si ya kuvalishwa na kusahauliwa.

Mtoto mdogo asilale na mbwa aliyevaa kola, asiichezee, wala asiitie mdomoni. Akishampapasa mbwa, aoshe mikono kabla ya kula.

Paka naye asivalishwe kamwe kola ya mbwa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja sumu ya dawa nyingi za jamii ya pareto kama mwili wa mbwa unavyoweza, na wengi hufa kwa kutetemeka.

Kola iliyokwisha isitupwe Mto Nzoia wala mfereji wowote, kwa sababu dawa hizi huua samaki. Ifunge kwenye karatasi na kuitia katika pipa la taka, mbali na watoto.

DAWA YA JOSHO SI YA MBWA

Trans Nzoia na Bungoma ni maeneo ya ng'ombe wa maziwa, na karibu kila boma lina chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo. Ni kawaida mtu kumaliza kunyunyizia ng'ombe, kisha akammwagia mbwa mabaki. Bei yake ni sufuri, na kupe huanguka. Hasara huja baadaye.

Dawa hizo huchanganywa kwa kipimo cha ng'ombe. Ng'ombe hajirambi mwili mzima kama mbwa afanyavyo. Mbwa akijiramba humeza dawa. Amitrazi ikizidi humfanya asinzie, moyo upige polepole na joto la mwili lishuke. Dawa nyingine za zamani humfanya atokwe na mate, atetemeke na afe. Tena nguvu yake juu ya mbwa ni ya siku chache tu, kwa hivyo utalazimika kurudia, na kila kurudia ni hatari mpya. Ikiwa huna uwezo wa kununua kola, mwombe daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa eneo lako akupe dawa ya kuogeshea iliyopimwa kwa mbwa, na akuonyeshe kipimo chake.

Maji ya moto na fagio navyo havihitaji pesa nyingi. Mara moja kwa wiki, choma matandiko machakavu au yachemshe, fagia kibanda, mwagia nyufa maji yanayochemka, na ziba kwa saruji au udongo nyufa zinazozibika. Kata nyasi za uani. Endelea hivyo kwa angalau miezi mitatu, ili uwafikie hata wale wanaozaliwa leo.

UKIMWONA KUPE

Usimchome kwa sigara wala kummwagia mafuta ya taa. Ukimsumbua namna hiyo, anaweza kutapika mate yenye vijidudu ndani ya jeraha. Usimpasue kwa kucha wala kwa jiwe, kama watoto wapendavyo kufanya, kwani damu yake inaweza kubeba vijidudu. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpindapinda, kisha mtumbukize katika spiriti. Huna kibano? Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Osha jeraha na mikono kwa sabuni.

MAMBO AMBAYO KOLA HAIFANYI

Kola ya kupe haizuii kichaa cha mbwa. Hili tulitilie mkazo, kwa sababu wapo wanaodhani mbwa mwenye kola "amekwisha kupata dawa zote." Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo, ambayo hapa Kenya hutolewa kila mwaka. Serikali ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo kati ya mwaka wa 2014 na 2030, na mpango huo hautafaulu ikiwa mbwa wetu watavaa kola nzuri bila kuchanjwa. Kola haiui minyoo wala haimtibu mbwa ambaye tayari ameambukizwa. Mbwa mwenye homa na ufizi mweupe anahitaji daktari.

TUKUMBUKE

Kola yenye dawa ni kama chandarua cha mbu. Chandarua kizuri kilichotandazwa sawasawa huokoa maisha, na kilichotoboka au kilichokunjwa kabatini hakimsaidii mtu. Ikiwa wewe na majirani zako wanne mnaweza kukubaliana kuwavalisha mbwa wenu wiki moja, na siku hiyo hiyo kila mmoja akasafisha kibanda chake, mtapata faida kubwa kuliko ile ambayo mtu mmoja angepata kwa kununua kola iliyo ghali zaidi dukani.

Leo jioni ukifika nyumbani, kabla hujaketi kunywa chai, mwite mbwa wako. Pitisha vidole nyuma ya masikio, chini ya mkia, na katikati ya kila kidole cha mguu. Hesabu utakaowapata. Kisha mwite mtoto wako, na umchunguze yeye pia.